Baina ya "Tungenunua" na "Tungalinunua": Majuto ya Bunduki katika Masimulizi ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa majuto huja nyuma ya tendo, kama mjukuu ajavyo nyuma ya babu. Makala haya yanaichukua kwa maana iliyo karibu zaidi na maneno yake: kwamba mara nyingi anayejuta si yule aliyetenda, bali ni mjukuu wake hasa. Babu alitenda akaridhika. Mjukuu ndiye anayeketi leo akihesabu hasara.

Mfano tunaouchunguza ni masimulizi ya bunduki ambazo hazikununuliwa, na nyingine zilizouzwa au kurudishwa, kama yanavyosimuliwa na wazee wa Kipsigis katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. Masimulizi haya ni mafupi. Hayana mianzo maalumu wala nyimbo za kupokezana, na kwa hiyo hayaingii kwa urahisi katika tanzu tulizozoea kufundisha. Hujitokeza katikati ya mazungumzo mengine, hususan mazungumzo ya ardhi. Hata hivyo yana umbo linalotambulika, na yana kitenzi chake. Hoja yetu kuu ni kwamba maana ya masimulizi haya, na hatari yake pia, imo katika kiambishi kimoja cha kitenzi hicho.

Inafaa msomaji ajue mapema nafasi ya mhakiki. Nilizaliwa upande wa pili wa mpaka, upande wa Kisii, na nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mapigano ya kikabila yalipozuka mpakani pa Sotik mwaka 1992. Masimulizi ninayoyarejelea niliyakusanya mwaka 2010 kwa ajili ya tasnifu ya uzamifu. Mimi na wazee tulizungumza Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokuwa nayo pamoja, kama ilivyo lugha ya wachuma majani chai wa makabila mbalimbali wanaoishi katika kambi za mashamba makubwa. Jambo hili litakuwa na uzito huko mbele.

Masimulizi Mawili

Simulizi la kwanza lilitolewa na mzee wa Bomet aliyefanya kazi ya kuchuma majani chai kwa miaka mingi. Alisimulia kwamba mfanyabiashara wa msafara kutoka pwani alimjia babu yake na gobori, akataka ng'ombe. Babu alipewa bunduki aijaribu. Akafyatua, ukatoka mlio mkubwa na moshi, kisha kimya. Babu akamtazama mgeni akishindilia baruti upya, akacheka. Akasema kwamba katika muda ule angekwisha kurusha mishale mingapi. Mgeni akarudi na gobori lake. Hapo mzee alinyamaza, akaonyesha kwa mkono kilima kilichofunikwa na chai, kisha akasema: "Tungenunua."

Simulizi la pili lilitoka upande wa Kericho. Baba ya fanani alikuwa askari wa Keya, akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Miaka yote ya vita alilala na bunduki ya Mfalme kando yake. Vita vilipokwisha akairudisha, akapewa nauli, akafika nyumbani na kuuchukua tena upinde wake ukutani. Fanani mwenyewe, baada ya uhuru, alimiliki kihalali bunduki ya marisau ya kulindia mahindi dhidi ya nguruwe mwitu. Aliiuza ili mwanawe aendelee na shule ya sekondari. Anapofika hapa hutaja usiku wa mwaka 1992, watu walipolala nje ya nyumba zao, na kujilaumu kwamba aliuza.

Masimulizi haya mawili yanatofautiana kwa wakati na kwa tendo. La kwanza ni la kutonunua, la pili ni la kurudisha na kuuza. Yanafanana kwa jinsi yanavyoifanya bunduki kuwa mahali ambapo njia ya maisha iligawanyika.

Historia Inavyoyakana Majuto

Mwanahistoria atakuwa na mengi ya kuyapinga masimulizi haya. Kwanza, kicheko cha babu hakikuwa ujinga. Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, walijulikana katika karne ya 19 kwa kuwazuia wafanyabiashara wa misafara wasitawale njia za nchi yao, na kwa kuidharau bunduki ya kushindilia. Dharau hiyo ilitokana na uzoefu. Gobori lilichukua muda kujazwa, na baruti iliyolowa haikuwaka. Mvua inayoifanya Kericho kuwa nchi ya chai ilikuwa adui wa baruti. Mtu aliyelikataa gobori katika nchi ile alifanya hesabu sahihi kwa silaha aliyoonyeshwa.

Pili, silaha ambayo ingeweza kubadilisha mambo haikuwa sokoni. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Yaliyoruhusiwa kwa masharti ni magobori, yaani yale yale aliyoyacheka babu. Menelik wa Ethiopia aliweza kujilimbikizia bunduki na kuwashinda Waitalia huko Adwa tarehe 1 Machi 1896, lakini yeye alikuwa na dola iliyotambuliwa, na mataifa ya Ulaya yalishindana kumwuzia. Mwenye ng'ombe wachache wa Bomet hakuwa na mfano wa hayo.

Tatu, waliokuwa na bunduki pia walishindwa. Wapiganaji wa Abushiri huko Mrima walikuwa na bunduki. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na vita vile vikahifadhiwa katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891 na kuteka bunduki zao kwa mamia, lakini boma lake la Kalenga lilianguka mwaka 1894. Na kule Nandi, Koitalel arap Samoei hakushindwa vitani. Alipigwa risasi na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano alioitwa kwa jina la amani. Kilichokosekana siku ile ni uaminifu, na uaminifu haununuliwi kwa mfanyabiashara wa msafara.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, ardhi haikuchukuliwa kwa bunduki peke yake. Misafara ya adhabu ilipita Sotik mwaka 1905, lakini askari huja na kuondoka. Kilichobaki ni karatasi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1902 ilitoa mikataba ya miaka 99. Ile ya 1915 ikaifanya miaka 999. Kampuni kubwa za chai ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1934 sheria maalumu iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiyot, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Karatasi hizo hazipenywi na risasi. Wazee wanalijua hilo, maana mwaka 2022 malalamiko ya Wakipsigis na Watalai yalipelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, tena kwa karatasi.

Kwa mujibu wa historia, basi, majuto haya hayana msingi. Babu hangeweza kununua kilichofaa, na kama angeweza, huenda kisingemfaa.

Majuto Yanavyomrudishia Babu Uamuzi

Hata hivyo, mhakiki wa fasihi akiishia hapo atakuwa amelikosoa simulizi bila kulisoma. Tuuangalie muundo wake. Kilele cha simulizi la kwanza si kupotea kwa ardhi. Ardhi inaonyeshwa kwa mkono tu, bila neno. Kilele ni kicheko. Fanani anakiigiza kicheko hicho kwa furaha, na hadhira hucheka naye. Babu yumo nyumbani kwake. Mgeni ndiye aliyekuja na bidhaa, babu ndiye anayeijaribu, babu ndiye anayekataa.

Tulinganishe na nafasi aliyopewa Mwafrika katika sheria. Sheria ya 1915, pamoja na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1921, zilimfanya kuwa mpangaji kwa hisani ya Mfalme katika ardhi ya wazee wake. Katika maandishi hayo Mwafrika hana la kuamua, na kwa hiyo hana la kujutia. Mtu hujuta pale tu alipokuwa na hiari. Kusema kwamba tulikosea ni kusema kwamba tulikuwa na uwezo wa kufanya vingine. Majuto, kwa njia hii, yanamrudishia babu uamuzi ambao sheria ilimnyang'anya. Hiki ndicho kinaya cha masimulizi haya: yanamlaumu babu ili yamheshimu.

Hapa inafaa tuikumbuke tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), ambayo suala lake pia ni silaha isiyokuwapo. Maji yanachukua nafasi ya bunduki, na bombomu la Wajerumani linaonyesha tofauti. Mwishoni Kinjeketile, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuhofia kwamba watoto wa kesho wataambiwa kuwa wazee wao walikosea kupigana. Hussein anamfanya shujaa wake akatae kujuta kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mzee wa Bomet, ambaye ni kizazi hicho hicho kilichokuja, anajuta kwa niaba ya babu aliyekataa kujuta. Hatuoni kwamba wawili hawa wanapingana. Kila mmoja anakataa historia inayomwonyesha Mwafrika kama kitu kilichofanyiwa mambo. Wanatofautiana kwa njia: mmoja anaulinda uamuzi wa wazee kwa kutoukana, mwingine anaulinda kwa kuulaumu.

Tunaweza kuongeza Mzalendo Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambamo bunduki husafirishwa ikiwa imefichwa ndani ya mkate. Haiuzwi wala hainunuliwi. Hupokezanwa, mtu mzima akimkabidhi kijana. Uzito wa tendo hilo unatokana na historia, kwani Dedan Kimathi alihukumiwa kifo mwaka 1956 kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Katika tamthilia zote mbili, silaha ni swali la mbele: nani ataipokea, na kwa ajili ya nani? Katika masimulizi ya Kericho na Bomet silaha ni swali la nyuma. Au ndivyo nilivyodhani.

Suala la Kiambishi

Sarufi tunazofundishia zinatenganisha viambishi vya masharti. Kiambishi -nge- huashiria sharti lisilotimia sasa ambalo bado lingewezekana: tungenunua kama tungekuwa na fedha. Kiambishi -ngali- huashiria sharti ambalo wakati wake umepita: tungalinunua, lakini hatukununua na hatuwezi tena. Tofauti hii inafaa sana kwa majuto. Kiambishi -ngali- hufunga mlango. Humruhusu msemaji aomboleze bila kutenda, kwa sababu hakuna tena cha kutenda.

Lakini Kiswahili kinachosemwa Kericho, kama kwingineko bara, mara nyingi hakizingatii mpaka huo. Kiambishi -nge- hubeba kazi zote mbili. Mzee wa Bomet hakusema "tungalinunua". Alisema "tungenunua", nami katika unukuzi wa tasnifu yangu nikamsahihisha. Niliandika -ngali- kila mahali, nikiamini kwamba namfanyia hisani ya kumpa Kiswahili sanifu. Wasahihishaji wangu hawakuuliza, maana kwenye karatasi hapakuwa na la kuuliza.

Leo naliona kosa hilo kuwa kubwa kuliko makosa ya tahajia. Kwa kulisahihisha neno niliufunga mlango ambao fanani aliuacha wazi. Neno "tungenunua" katika kinywa chake linaweza kuwa ombolezo la jana. Linaweza pia kuwa wazo la kesho. Hadhira yake ilisikia yote mawili. Mwaka mmoja kabla ya kunasa sauti yake, mwaka 2009, vyombo vya habari, BBC miongoni mwavyo, viliripoti kwamba watu wa makabila mbalimbali katika Bonde la Ufa walikuwa wakijinunulia bunduki baada ya ghasia za 2007 na 2008, wakiona kwamba pinde na mapanga hayatoshi tena. Kati ya "tungenunua" na "tununue" hakuna safari ndefu. Ni kudondosha kiambishi cha masharti na kubadili irabu ya mwisho.

"Tu" ya Nani?

Suala la pili ni la nafsi. Kiswahili hakitenganishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomtenga. Katika kambi za mashamba ya chai, Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya walichuma bega kwa bega chini ya nyapara mmoja, na "tu" ya Kiswahili iliwatosha wote. Historia inaunga mkono matumizi hayo. Jeshi la Waingereza lililoishambulia Sotik mwaka 1905 liliwashambulia pia Abagusii mwaka huo huo, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote. Mzee wa Bomet angeweza kusema "tungenunua" mbele yangu na mimi nikawa ndani yake, kwa kuwa babu zetu sote hawakununua.

Katika simulizi la pili, hata hivyo, "tu" imekwisha badilika. Bunduki inayojutiwa haimwelekei mkoloni. Fanani anaitamani kwa ajili ya usiku wa 1992, na usiku ule aliyekuwa upande wa pili wa mto ni sisi. Kamati ya Bunge ya Kiliku ya mwaka 1992, na baadaye Tume ya Akiwumi iliyotoa ripoti yake mwaka 1999, ziliyachunguza mapigano hayo. Sina haja ya kurudia matokeo yao hapa. Linalomhusu mhakiki ni kwamba majuto yaliyoanza yakimlenga aliyechukua ardhi yamegeuzwa yakamlenga jirani asiyekuwa nayo, na kwamba mgeuzo huo umepita bila neno jipya kuhitajika. Kitenzi ni kile kile. Nafsi ni ile ile. Aliyebadilika ni anayesikiliza.

Fauka ya hayo, simulizi la pili lina jambo ambalo fanani halisemi waziwazi. Bunduki iliyouzwa ilikuwa karo. Mwana alisoma. Mzani ambao fanani anautumia una bunduki upande mmoja, na upande wa pili hauna kitu, ilhali kitu kipo: kuna mwana aliyesoma. Mhakiki anayo haki ya kukirudisha kitu hicho mzanini, kwa sababu simulizi lenyewe limekitaja kabla ya kukisahau.

Sauti Niliyoifuta

Wakati wa kuandaa makala haya niliusikiliza upya ukanda wa simulizi la kwanza. Baada ya "tungenunua" kuna sekunde chache za kimya, kisha sauti ya mwanamke kutoka mlangoni. Ni mke wa mzee. Katika tasnifu niliiacha sauti hiyo nje, nikiihesabu kuwa kelele za nyumbani. Anauliza: "Mngenunua na ng'ombe wa nani?"

Swali hili ni uhakiki kamili. Kwa desturi ya Wakipsigis mifugo hugawiwa nyumba za wake, na ng'ombe wa nyumba ya mama ni urithi wa watoto wa mama huyo. Mume hana ruhusa ya kuwatoa ovyo. Kicheko cha babu kilikuwa na mpaka ambao simulizi la wanaume halikuutaja. Huenda ng'ombe aliyetakwa na mfanyabiashara hakuwa wa babu kumtoa. Pia mwanamke hakusema "tungenunua". Alisema "mngenunua", akajitoa katika ile "tu" iliyokuwa imetukumbatia sote chumbani, naye akaonyesha kwamba "tu" hiyo ilikuwa na waliotengwa hata kabla ya kufika kwangu, Mkisii, na kinasa sauti changu. Mwisho, hakutumia -ngali-. Alikisikia kiambishi cha mumewe kwa maana yake ya pili, ya kesho, naye akakijibu kwa maana hiyo hiyo. Mzee alicheka, kicheko kile kile alichokuwa amempa babu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya majani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba majuto ya bunduki katika Kericho na Bomet hayafai kupimwa kwa ukweli wa kihistoria pekee. Kihistoria hayasimami. Kifasihi yanafanya kazi ya kumrudishia babu hiari, kazi iliyo jirani na ile ambayo Hussein anampa Kinjeketile. Lakini kazi hiyo ni salama pale tu wakati uliopita unapobaki kuwa uliopita, na "sisi" inapobaki wazi kwa wote walionyang'anywa.

Kwa wanafunzi wetu wanaokwenda nyanjani tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, wasimsahihishe fanani. Kiswahili kisicho sanifu kinaweza kuwa sahihi zaidi kwa anachotaka kusema, na palipo na utata, utata huo ndio data. La pili, wanukuu hadhira. Nadharia zetu zimesema kwa muda mrefu kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji, kisha tukafika nyumbani na kinasa sauti, tukamfuta mke wa mzee kwa kuwa alisimama mlangoni. Nakala ya tasnifu yangu bado imo maktabani na -ngali- zake zote. Nimeomba ruhusa ya kuambatisha ukurasa mmoja wa masahihisho, utakaokuwa na neno moja la mzee kama alivyolisema na swali moja la mkewe.